Maskani Bila Mwenyewe

Miongoni mwa kazi ambazo mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake, iko moja ionekanayo kuwa ya kitoto: kutengeneza juu ya ubao mfano wa mahali akaapo mnyama fulani, kwa kukusanya vitu vya namna mbalimbali, mchanga, majani makavu, magome, vitambaa, nyuzi na rangi, na kuvibandika pamoja hata vikawa picha iwezayo kuguswa kwa mkono. Wasomaji wa kurasa hizi, waliozoea habari za vina na mizani na asili ya maneno, huenda wakaona ajabu kwamba mwalimu wa Kiswahili ajishughulishe na gundi. Walakini kazi ile ina swali ndani yake, na swali lenyewe ni la adili. Mtu afanyapo maskani ya mnyama, nani ana haki ya kuwamo, na nani aweza kuachwa nje bila dhuluma?

Naanza na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Maskani ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na maneno ya kutulia. Makao ni neno letu la Kibantu, latokana na kukaa, ambako nako ni kutulia. Hakuna katika maneno haya mawili dalili yoyote ya ukuta, wala ya ua, wala ya mpaka. Liko pumziko tu. Tena sarufi yetu humhesabu mnyama pamoja na mtu. Twasema kasa amefika, kama tusemavyo mgeni amefika. Bali jahazi limefika na mti umeanguka. Hata tunapommiliki mnyama husema ng'ombe zetu wamepotea, kama tusemavyo ndugu zetu wamesafiri, ng'ombe na ndugu wakakalishwa benchi moja. Sidai kwamba wazee walioilea lugha hii walifanya hivyo kwa falsafa. Sarufi haina dhamiri, na mtu aweza kutumia ngeli iliyo sahihi kabisa huku akimchinja anayemsema. Nasema tu kwamba anayeuliza swali langu kwa Kiswahili hakopi swali la wageni.

Sasa mahali. Mkwaja ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga, kusini ya mji wa Pangani na kaskazini ya Saadani. Upande mmoja ni bahari; upande wa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, yenye eneo la kilometa za mraba 1,100 hivi, ambayo husifiwa kwa kuwa nyika yake hushuka mpaka kwenye ufuko wa Bahari ya Hindi. Watu wa huko huvua na hulima. Mwanafunzi asimamaye pale hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano: kasa yuko kushoto kwake, ndovu yuko kulia, na katikati iko njia ya watoto kwenda shule. (Nasema ndovu, kwa sababu huku pwani neno tembo lina maana nyingine, ambayo hunywewa.)

Mwezi wa Julai mwaka 2023 nilikaa huko siku kadha pamoja na wanafunzi tisa wajiandaao kuwa walimu. Kila mmoja alipewa ubao mwembamba wa mraba, upana wake dhiraa moja, akatakiwa achague mnyama mmoja wa mahali pale na kumfanyia maskani. Sharti lilikuwa kwamba vitu vyote vitoke katika ardhi ya kijiji, kwa idhini ya wenyewe, kwani si halali kutoa kitu ndani ya hifadhi. Na kwamba visiwe na uhai. Sharti hili la pili lilionekana jepesi mpaka msichana mmoja alipoleta kombe nzuri yenye mistari, akaiweka mezani, nayo ikaanza kutembea. Ndani yake alikuwamo kaa mdogo wa jamii ile isiyojijengea nyumba, ihamiayo katika makombe yaliyoachwa na wengine. Msichana alikuwa karibu kumnyang'anya mnyama mmoja maskani ili afanye picha ya maskani ya mnyama mwingine. Alirudi nayo pwani mwenyewe, mbio, jua kali, wala sikuwa na haja ya kusema neno.

Vitu vilivyopatikana vilikuwa vya aina mbili. Vya kwanza vilitoka nchini: mchanga, makumbi ya nazi, majani ya mkoma, matope ya mikokoni, na nyuzi za katani, kwani huwezi kuwa mkoa wa Tanga ukakosa mkonge. Vya pili vililetwa na bahari: vipande vya nyavu, vizibo, kamba za rangi ya samawati, na kandambili zisizo na wenzao. Taka hizi si habari ya Mkwaja peke yake. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi walishusha majini jahazi dogo liitwalo Flipflopi, lililojengwa kwa taka za plastiki na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania bara. Lakini bahari haisomi Gazeti la Serikali, na mifuko ingali ikifika.

Jambo lililonifanya niandike insha hii lilianza kwa kijana mmoja aliyechagua kasa. Alikuja kwangu kabla hajagusa gundi, akasema kwa adabu: "Mwalimu, nyumba nitaijenga, lakini mwenye nyumba sitamfanya." Alikuwa Mwislamu aliyelelewa katika mafundisho ya kutofanya sanamu ya kiumbe chenye roho. Wenzake wawili walicheka. Mimi sikucheka, wala sikumpa ruhusa kama apewavyo mgonjwa ruhusa ya kutokimbia, kwa sababu katazo hilo ndilo lililozaa sehemu kubwa ya ufundi wa pwani yetu. Tazama milango ya kale ya Pangani, ya Unguja na ya Lamu. Aghalabu hutaona juu yake simba wala twiga. Utaona maua, minyororo, mawimbi na magamba. Mchongaji aliyezuiliwa mwili alijifunza kuchonga dalili. Hata kanga, vazi la mama zetu, yasemekana lilipata jina lake kwa madoadoa ya ndege yule, na ndege mwenyewe hayumo.

Kijana yule basi alimimina mchanga juu ya ubao kwa mteremko, akauchonga alama. Wanaolinda mayai ya kasa katika pwani ya Madete, jirani na Mkwaja, humjua mnyama kwa mkokoto wake kabla hawajamwona. Kasa huvuta makasia yake mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama zake za kulia na kushoto huelekeana sawasawa. Ng'amba huvuta moja baada ya moja, nazo alama hupishana. Kijana alifanya mkokoto wa kasa: mmoja wapanda kutoka majini, mmoja warudi, na juu kabisa shimo lililofukiwa. Basi. Ndani ya mchanga ule, kama ungekuwa wa kweli, yangelala mayai mia moja na ushei kwa muda wa miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo lingeamua vitoto vitakavyotoka. Mchanga wa moto huzaa majike, mchanga wa baridi zaidi huzaa madume. Yaani kwa kasa maskani si nyumba aingiayo akiwa amekwisha kuwa kasa. Humfanya awe alivyo. Sijui mfano mwingine wa mahali ulioniingia moyoni kwa nguvu kama huo.

Hapa yafaa kumkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za mraba, akafa kwa risasi mwaka 1972 akiwa bado kijana. Katika picha zake nyingi mnyama husimama peke yake, mkubwa, macho wazi, nyuma yake rangi moja tu isiyo na kitu ila pengine kijiti au ua. Ni mnyama bila maskani. Zimependwa ulimwenguni, nami nazipenda. Lakini nilipouweka moyoni ubao wa kijana wa kasa kando ya chui wa Tingatinga, niliona kuwa ni namna mbili za heshima, na kwamba ile ya kwanza hudai zaidi kwa mtazamaji. Mnyama asiye na mahali waweza kumtundika ukutani popote ukamiliki uzuri wake. Mahali pasipo na mnyama panakuuliza yuko wapi.

Wenzake waliacha kucheka. Siku ya pili watano kati yao walikuwa wameondoa wanyama wao wa udongo na kuweka nyayo, manyoya, mavi makavu, magome yaliyokwaruzwa. Ilikuwa desturi mpya ya darasa kwa siku mbili, nami niliiona imekuwa nyepesi mno. Ndipo alipokuja mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitazama kwa mbali, akausimamia ubao wa kasa kwa kitambo. Vijana walimwamkia, akawaitikia, kisha akamwuliza mwenye ubao: "Mwanangu, kasa wako hana majirani? Pwani hii mimi natembea kila siku tangu sijaota ndevu. Mguu wangu uko wapi?"

Hilo ndilo swali lenyewe, nalo lilisemwa vizuri kuliko niwezavyo kulisema. Kama mnyama atambulikana kwa alama yake, na alama ikatosha kumpa nafasi katika picha, basi mtu naye ana alama, na alama zake pale ni nyingi kuliko za kasa. Mbao tisa zilikuwa mezani; hakuna hata mmoja uliokuwa na unyayo wa mtu. Hakuna aliyewaamuru wanafunzi wamtoe mtu. Walimtoa kwa kuwa tangu darasa la kwanza wamezoea kuona picha za mbuga ambamo mtu hayumo, ila awe juu ya gari akitazama. Huo ni uzushi wa kamera, na umetuingia hata sisi tuzaliwao hapa.

Historia ya Mkwaja yaukanusha uzushi huo waziwazi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha huko shamba kubwa la ng'ombe, Ranchi ya Mkwaja, katika nchi iliyojaa mbung'o. Vichaka vilifyekwa, na ng'ombe wa Borana walichomwa sindano za kinga mwaka baada ya mwaka. Wataalamu wa maradhi ya mifugo duniani walilijua jina la Mkwaja kwa sababu ya ng'ombe hao. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika hifadhi. Miiba ikarudi kwa kasi. Lakini mahali palipokuwa maboma ya ng'ombe, ambapo mifugo ililala usiku kwa miaka mingi, samadi ilikuwa imeutajirisha udongo, nazo nyasi zilizoota hapo zilikuwa fupi, laini na zenye lishe. Watafiti kutoka Zürich waliochunguza nchi ile baada ya ng'ombe kuondoka waliwakuta ngiri na tohe wakilisha katika viwanja hivyo vya kale.

Fikiri basi juu ya mwanafunzi aliyechagua ngiri. Alikuwa amefanya uwanda safi wa nyasi za ukoka, akauita asili. Kumbe kile alichokiita asili ni kinyesi cha ng'ombe wa kampuni, kilichokusanywa usiku kwa usiku na wachungaji ambao majina yao hayakuandikwa popote. Maskani ya ngiri wa leo ilifanywa na mikono ya watu wa jana. Kumwacha mchungaji nje ya picha ni kusema uongo juu ya ngiri mwenyewe. Mwanafunzi yule alikuwa mkaidi, sifa niipendayo kwa kiasi. Alibisha kutwa nzima kwamba samadi si mtu. Jioni alichukua kijiti cha mwanzi akakichomeka katikati ya nyasi zake, kimeinama, kama nguzo ya boma iliyobaki. Hakusema kitu.

Ataniambia mtu: hatari ya maneno haya waiona? Ukisema mtu ana haki ya kuwamo katika kila maskani kwa sababu alikuwamo jana, umempa kila mwenye shoka hoja. Mkata mikoko atasema, nami ni alama. Mwenye kutupa mifuko baharini atasema, nami nimo katika picha. Pingamizi hili ni zito, na sitaki kulipita kwa hatua mbili. Jibu langu ni kwamba kuwamo katika picha si kusifiwa. Kijana wa kasa aliposhawishika kuweka nyayo za mvuvi, aliweka pia taa, tone la rangi ya manjano pembeni, kwa kuwa vitoto vya kasa vitokapo mchangani usiku huelekea penye mwanga, na taa ya kambi yaweza kuvipoteza njia ya majini. Tena bahari yake aliifanya kwa kipande cha mfuko wa plastiki, unaometa kama maji. Mwenzake akamkumbusha kwamba kasa huudhania mfuko kuwa yavuyavu, akaumeza, akafa. Kijana alifikiri, kisha akauacha. Alisema kuwa bahari ya kasa ndivyo ilivyo. Mtu yumo katika ubao ule kama jirani, na jirani aweza kuwa mwema au mwovu. Asiyekuwamo ndiye asiyeweza kuulizwa lolote. Anayemfuta mtu katika picha ya nyika kwa nia ya kumlinda mnyama amemwondolea mtu hatia pamoja na haki, na sijui kama mnyama amepata faida.

Nao mpaka nchini si mstari wa kalamu. Kusini, katika kitongoji cha Uvinje cha kijiji cha Saadani, wakazi na hifadhi wamebishana juu ya mpaka kwa miaka mingi: nani alikuwako kabla, na ramani ipi ndiyo ya haki. Sitaamua kesi hiyo hapa. Naitaja kwa sababu mwalimu afundishaye watoto kufanya maskani za wanyama zisizo na watu anawafundisha, bila kujua, upande mmoja wa kesi kama hiyo, tena anawafundisha wakiwa wadogo, kwa gundi na rangi, kabla hawajajua kwamba iko kesi.

Mabishano makali zaidi yalikuwa juu ya ubao wa ndovu. Mwenye ubao alikuwa binti wa wakulima, si wa Mkwaja bali wa kijiji kingine kilichopakana na wanyama. Alifanya miti kwa magome, akafanya njia ya ndovu kwa udongo uliokanyagwa, na njia ile ikaingia moja kwa moja katika shamba la mahindi lililoshika robo ya ubao, mabua ya kweli, nusu yake yamevunjwa. Penye ukingo wa shamba aliweka kibanda cha mlinzi na debe la kupiga usiku, alilolikata kutoka katika kopo la nyanya.

Mwanafunzi mmoja wa mjini, mwenye akili na maneno mazuri, alimwambia: "Dada, hii si maskani ya ndovu. Hili ni shamba la baba yako. Ndovu hapo ni mwizi." Akajibiwa: "Ndovu hajui neno wizi. Anakula hapo, anapita hapo, na mamake alipita hapo kabla ya baba yangu kulima. Kama akaapo mtu ni pale alapo na apitapo, hapo ni kwake." "Basi baba yako ahame?" "Sikusema ahame. Nimesema ni kwake. Ni kwetu pia."

Kijana wa mjini alitaka kanuni: ama mahali ni pa mnyama, ama ni pa mtu, na sheria iseme. Binti hakuwa na kanuni. Alikuwa na usiku aliokesha akipiga debe, na mwaka ambao chakula kiliisha mapema nyumbani kwao. Juu ya hayo alikataa kumwita ndovu mwizi, na alikataa pia kuliondoa shamba. Mimi niliona kwamba hukumu yake ilikuwa ya haki kuliko ya mwenzake, ingawa ilikuwa ngumu kuitia katika maneno, na naona hivyo hata leo. Si kwamba aliipata njia ya kukaa pamoja. Hakudai kuwa nayo. Alichokataa ni kulipunguza jambo lenyewe ili hoja ipate kunyooka. Watu wengi wanaoandika juu ya ndovu, wakiwa mbali na debe, hawajafika hapo.

Lililobaki lilikuwa la ufundi. Mabua yake yalikuwa marefu kuliko ubao, na kijana wa mjini, aliyekuwa sasa amekuwa msaidizi wake, alichukua mkasi ayasawazishe na ukingo. Binti alimzuia mkono. Shamba, alisema, haliishii hapo. Basi mabua yalibaki yamezidi ubao kwa vidole vitatu upande wa kulia, na tulipokuwa tukipakia kazi zetu kwa safari, mbao nane ziliingia sandukuni, na ule wa tisa ulikataa. Waliupakata kwa zamu mpaka Tanga, yeye nusu ya njia na kijana nusu ya njia.